Mwenyeji wa Padri

Ukipita Tandika mpaka Mtongani, gonga ukuta wowote wa zamani. Vidole vikiuma, ujue hilo tofali langu. Mie darasa la nne sikulimaliza, lakini wasomi wengi wa mji huu wanalala ndani ya kazi ya mikono yangu. Kama ni kujisifu, najisifu, na haki ninayo.

Haya ni ya miaka ya Ujamaa, nilipokuwa kijana. Kiwanja changu cha matofali kilikuwa nyuma ya kanisa letu la Kikatoliki, Temeke ya pembeni, ambako siku zile mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Kufanya shughuli yako mwenyewe enzi hizo kulitaka roho ngumu. Vijana wa chama wakipita walikuwa wananiita bepari wa mchanga. Nawajibu, "Bepari gani ana kaptura moja mwaka mzima?" Wanacheka, wanaondoka. Saruji yenyewe ilikuwa ya kubembeleza. Nikaibembeleza mpaka ikaja.

Nilikuwa na mfyatuaji mmoja, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Alikimbia vita ya Wareno kwao Msumbiji, akaingia kusini kwetu, kisha akaja Dar kutafuta maisha kama nilivyokuja mie. Alioa binti wa Kindengereko palepale mtaani, na mwaka ule mwanamke alikuwa na mimba ya kwanza. Kila mtu alimwita jirani, na yeye alimwita kila mtu jirani. Alikuwa fundi mzuri, ingawa hakunifikia.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, Mwislamu wa swala tano, muuza vitumbua. Kazi ya balozi ilikuwa kujua nani analala wapi. Mgeni akiingia, mwenyeji wake humleta barazani kwa balozi na kumtambulisha. Na ukishatamka "mwenyeji wake mie" umejifunga. Mgeni akiiba kuku, unaulizwa wewe. Yule mfyatuaji wangu hakuwahi kutambulishwa, kwa sababu mama alipopewa ubalozi alimkuta yupo, kama alivyoikuta mikorosho. Hakuna aliyeuliza.

Basi likaja agizo kutoka juu. Watu waliojazana mjini bila kutambulika wapakiwe malori wapelekwe mashambani, na wale wa ng'ambo wapelekwe makambini kusini. Kule Kurasini, walikokuwa makuli wengi wa bandari, kamatakamata ilikuwa imeshaanza. Mfyatuaji wangu akawa hali tena chakula cha mchana. Anakaa anatazama barabara.

"Kaka," akaniambia, "wakinipeleka kambini, mke wangu atazalia kwa nani?"

Mie si mtu wa kukaa na tatizo likanizoea. Nikanawa mikono, nikaenda kwa Padri.

Padri wetu alikuwa kijana, mtu wa Bukoba, Kiswahili chake cha vitabuni, hana hata mwaka tangu ahamishiwe kwetu. Nilimweleza yote. Akanisikiliza kwa makini, akasema, "Niachie mimi. Jumapili nitasema."

Na kweli alisema. Mahubiri yale hayajanitoka mpaka leo. Alisema kwamba nyuma ya kanisa letu kuna mgeni anayefyatua matofali, na anayemgusa mgeni huyo amemgusa Kristo. Mgeni asifukuzwe. Mgeni apewe mahali. Mgeni ana mke mjamzito. Mgeni, mgeni, mgeni. Akina mama walifuta machozi kwa ncha za kanga. Mie nilikaa nimetuna kama chura, najiambia kazi hii imeletwa na mie. Benchi la mbele alikaa Katibu wa tawi la chama, Mkatoliki mwenzetu, na mkewe. Yeye hakulia. Alikuwa anazungusha kofia yake magotini.

Jioni ileile balozi alinifuata kiwanjani, hakusubiri salamu.

"We bwana matofali, mdomo wako una mlango?"

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba ya nini! Mie kwenye nyumba zangu kumi sina mgeni, nina majirani. Sasa padri wako kasimama mbele ya Katibu, kasema mgeni, mgeni, mgeni. Katibu katoka hapo kaja kwangu, anasema Jumamosi lori linapita, nimkabidhi mgeni wangu. Mie mgeni nimtoe wapi? Nimfinyange?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu alikuwa ametulia kivulini, tukamvuta juani kwa maneno matamu.

Na kijiweni huku Padri alikuwa anasemwa. "Anatuambia tukae na watu, yeye anakaa na nani? Nyumba ya vyumba sita, yeye na mpishi wake!" Mwingine anadakia, "Na gari. Akihubiri kuhusu lori, anaondoka na gari." Watu wakacheka sana. Mie nilimtetea, lakini ugumu wa kumtetea ni kwamba vyumba vilikuwa sita kweli.

Nikarudi kwa Padri, nikamweleza alichosema balozi. Akakaa kitandani kwake kwa kishindo.

"Lakini kwetu mgeni ni neno la heshima!"

"Hata kwetu, Baba. Ila kwa balozi ni neno la lori."

Akataka kuwasha gari aende mjini kumwona mkubwa fulani, halafu akataka kumwandikia Askofu. Nikamwambia, "Baba Paroko, neno hukulisema mjini. Umelisema hapa. Nenda barazani kwa mama, na usiende na gari." Mwenye darasa la nne nilimwambia hivyo mtu aliyesoma Kilatini, na akanisikia.

Siku ya kikao cha balozi, alasiri, Padri alikuja kwa miguu, kanzu yake ina vumbi mpaka magotini. Watu walijaa baraza yote na uwanja. Katibu alikuwa amepewa kiti. Mfyatuaji wangu alisimama nyuma kabisa, mikono ina saruji, mkewe pembeni yake. Padri akavua viatu, akamwambia balozi, "Shikamoo mama," akakaa mkekani.

"Marahaba, Padri. Sema lililokuleta."

"Nimekuja kutambulishwa."

Watu wakatazamana. Padri akaendelea, "Jumapili nilikosea. Nilimwita mgeni mtu aliyenitangulia mtaa huu miaka mingi. Mgeni hapa ni mimi. Tangu nifike sijaja barazani kwako hata siku moja. Kama Jumamosi lori linachukua mgeni asiyetambulishwa, basi nisubiriwe, nitafunga sanduku langu."

Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Watampakia mbele na dereva!" Uwanja ukaangua kicheko.

Katibu akainuka. "Padri, hii ni kazi ya chama, tusilete utani."

"Sitanii, ndugu Katibu. Agizo ni lenu."

Balozi akanyoosha mkono, kimya kikarudi. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini mie niliyemzoea niliona jicho linacheka. "Utaratibu ni utaratibu," akasema. "Padri, mwenyeji wako nani?"

Padri akageuka, akawatazama watu barazani. Katibu akaona fursa. "Si huyu hapa bwana matofali? Huyu na Padri ni pete na kidole. Sema wewe, mwenyeji wake si wewe?"

Jamani. Maisha yangu yote mie ndiye wa kwanza kusema "mimi". Harusini, msibani, kwenye foleni ya sukari, mkono wangu ndio unaopanda kwanza. Na siku ile nilikuwa naulizwa mbele ya mtaa mzima kama mtu mkubwa wa kanisa ni mgeni wangu! Neno lilishafika kwenye meno. Nikalimeza, nikatazama chini, maana mwenye haki ya kulitamka hakuwa mie. Nawaambia, hilo ni moja ya mambo makubwa niliyowahi kuyafanya, na sikufanya chochote.

Halafu sauti ikatoka nyuma.

"Mwenyeji wake mimi."

Watu wakampisha. Mfyatuaji wangu akaja mpaka ukingo wa mkeka. "Siku anafika, mvua kubwa, gari lake lilizama kwenye tope kule bondeni. Hakuijua njia ya kanisani kwake mwenyewe. Nilimchimbua mimi. Nikabeba sanduku lake kichwani mpaka mlangoni. Kisima nilimwonyesha mimi."

"Ni kweli, Padri?" balozi akauliza.

"Ni kweli tupu, mama. Huyu ndiye aliyenipokea."

"Na akiharibu, tukuulize wewe?" balozi akamgeukia mfyatuaji.

"Niulizeni mimi."

Balozi akajifunga kanga upya, akamtazama Katibu. "Haya, mwanangu. Mgeni hawezi kuwa mwenyeji wa mgeni. Kama huyu ni mgeni, Padri hana mwenyeji, Jumamosi mpakie paroko wako kwenye lori, mkeo akuone. Kama huyu ni mwenyeji, mie mgeni ninaye mmoja tu, na ameshatambulishwa. Chagua."

Katibu alicheka mwenyewe, alishindwa kujizuia. Nakumbuka alivyovua kofia akajipepea. "Mama, wewe ungekuwa wakili," akasema. Kisha akamnyooshea Padri kidole. "Wakae wote. Ila utaratibu ufuatwe mpaka mwisho. Padri, ukisafiri, uage kwa mwenyeji wako."

"Nitaaga," Padri akasema.

Kuanzia siku ile kijiweni hawakumsema tena kwa kejeli. Waliendelea kumtania, ndiyo, lakini akisema jambo walilibeba nyumbani. Vyumba viwili vya ile nyumba ya sita vilipata watu, familia mbili za kule Kurasini, na alipowaleta aliwapitisha barazani kwanza, kwa miguu, kila mmoja na mwenyeji wake. Siku hizi nawasikia maaskofu redioni wakisema juu ya wakimbizi. Wanasema vizuri, na mie nafurahi wanasema. Lakini huwa najiuliza yule anayesema ameshavua viatu kwa balozi gani.

Jumamosi lori lilikuja kweli. Tulikuwa kiwanjani asubuhi, yeye anachanganya, mie nafyatua. Likasimama kando ya mchanga wetu, Katibu akashuka, vijana wa mgambo wamekaa juu. Niliona koleo la mwenzangu limesimama hewani.

"Habari za kazi," Katibu akasema. Akatazama kule kwenye nyumba ya mapadri. "Padri yupo?"

"Hayupo," mfyatuaji wangu akajibu. "Amekwenda Kurasini, kuwasemea waliokamatwa jana. Ameniaga."

"Amekuaga?"

"Tangu alfajiri. Akirudi nitakuletea habari."

Katibu akatikisa kichwa, akapanda, akaupigapiga mlango kwa kiganja. Lori likaondoka likielekea barabara kuu. Mwenzangu akachota maji, akamwagia mchanganyiko, akaniambia nifyatue haraka, saruji inakauka.