Posa Iliyopanda Mtandaoni

Juzi, kwenye duka la intaneti la Ngamiani, katibu wa msikiti wetu, mtu wa makamo, alikuwa akipandisha ratiba ya darsa kwenye ukurasa wetu katika tovuti ya ndugu zetu wa Maskati. Akasema Bismillahi, akabonyeza. Folda nzima ikapanda, pamoja na barua aliyojiandikia ya kuposa mke wa pili: “Kijana wetu anaomba…”

“Ifute, mwanangu,” akamnong’oneza mwenye duka. “Shemeji yangu yuko Maskati.”

“Subiri, sheikh. Mtandao umekwama.”

Barua ilibaki kwenye kioo, nami nimekaa kompyuta ya jirani. Nilipaswa kuinamisha macho. Astaghfirullah, niliisoma mpaka mwisho.

Alasiri, kabla mtandao haujarudi, simu ya duka ililia.

“Sheikh, ni mkeo. Anauliza, huyo kijana ni nani?”

Hata mimi nilikuwa nimejiuliza.