Mafuta ya Ndege kwa Pikipiki Yangu

Nimekaa na aibu hii miaka mingi sasa, na hata leo nikiwa na safari ya Makina, kule Kibera, huwa nazunguka kwa njia ya nyuma, kwa sababu kuna akina mama pale ambao wakiniona wanaziba pua kwanza, wanacheka, ndipo wananisalimia vizuri kabisa. Basi wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu, maana wengine wanaongeza kwamba gauni lilishika moto, na gauni halikushika moto (lilikaribia, lakini halikushika).

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa tarishi mjini, nikikaa Silanga, upande mwingine wa Kibera, na nilikuwa na pikipiki ya cc mia moja ambayo ofisi iliniuzia ilipoichoka. Nilikuwa pia na Rhoda, fundi wa nguo wa Kawangware, na tulikuwa tumefika mahali pa kuulizana tukioana tutakaa upande gani, kwangu Kibera au kwake. Nilikuwa mtu wa furaha. Shida yangu ilikuwa Mutua.

Mutua alikuwa tarishi wa ofisi nyingine, mtu wa Machakos, mrefu, mpole, mwenye pikipiki kubwa mpya ambayo alikuwa anaipangusa kwa kitambaa kila akishuka (nani anapangusa pikipiki kila akishuka?). Alikuwa amepanga chumba karibu na kibanda cha Rhoda na kila asubuhi alimsalimia. Kumsalimia tu, hakuna lingine, lakini mimi salamu hizo ziliniwasha mwili mzima. Tukikutana kwa petroli stesheni, mimi nikiomba regula, ile petroli ya bei ya chini, yeye alikuwa anasema "super" kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea, na hiyo super yake niliisikia kichwani siku nzima nikipeleka barua.

Sasa siku moja Rhoda akasema, bila nia yoyote mbaya, kwamba pikipiki ya Mutua hata ikipita huisikii, si kama yangu inayotikisa mabati. Niliumia sana. Nilienda moja kwa moja Riruta Satellite kwa Njoroge, fundi wangu wa pikipiki, nikamuuliza kama nikianza kuweka super nitamfikia Mutua. Njoroge akacheka, akaniambia watu wanadhani octane, ile namba inayotenga super na regula, ni nguvu, kumbe ni uvumilivu: engine ya Mutua inabana mafuta sana, kwa hivyo inataka petroli inayovumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya plagi kutoa cheche, lakini yangu inabana kidogo na regula inaitosha, na nikiipa super pikipiki yenyewe hata haitajua. Mtu mwenye akili angesema asante na kurudi nyumbani. Mimi katika maneno hayo yote nilisikia moja tu, kwamba engine ya Mutua imeshinda yangu, na nikaamua kwamba kama yeye ni wa super, mimi nitaipita super.

Jirani yangu Okello alikuwa anaosha ndege kwenye uwanja mdogo ulio ng'ambo ya Kibera. Aliwahi kuniambia kwamba asubuhi kabla ndege hazijaruka huwa wanakamua mafuta kidogo chini ya tangi kuangalia kama yameingia maji, halafu hayo yaliyokamuliwa yanamwagwa kwa pipa. Nikamwomba hayo ya pipa. Akaniletea jerikeni ya lita tano iliyozibwa kwa karatasi ya plastiki, kifuniko kilikuwa kimepotea, akaniambia, "Maze Odhis, hii inainua watu hamsini mpaka Kisumu." Nilinusa. Yalinuka kama stovu ya mama mboga, lakini nikajiambia hiyo ndiyo harufu ya kitu safi.

Jumamosi hiyo Rhoda alikuwa amemaliza gauni la harusi la msichana wa Makina. Lilikuwa gauni lake la kwanza la harusi, amelishonea shanga kwa mkono wiki tatu, na shangazi wa bibi harusi alikuwa amemwambia likipendeza atamletea wateja wa Makina nzima. Lilitakiwa lifike kabla ya saa sita. Rhoda aliniambia kwamba Mutua alikuwa amejitolea kumpeleka na yeye akakataa, akamwambia Odhis yuko. Mimi nilisikia tu kwamba Mutua alikuwa amejitolea.

Basi nikafika kibandani na tangi karibu tupu, makusudi kabisa, ili nimimine hapo mbele ya watu. Mutua alikuwa upande wa pili wa njia na kitambaa chake. Rhoda akaniuliza hayo ni mafuta gani, nikajibu kwa sauti ya kuvuka njia kwamba ni ya ndege. Mutua akaacha kupangusa.

"Ya ndege gani, buda? Ile ndogo ama ile kubwa?"

Nilifurahi mpaka masikio. Nilijua sasa ni yeye mwenye wivu. Nikajibu kwamba bila shaka ni ile kubwa, nikafunga jerikeni iliyobaki nusu kwenye keria, Rhoda akapanda na gauni lake ndani ya shuka nyeupe, na tukatoka.

Mwanzo tulienda vizuri, kumbe tulikuwa tunamalizia petroli ya jana. Baadaye engine ikaanza kugonga kama kuna mtu ndani anayepiga sufuria, na moshi mweupe ukatoka nyuma mpaka watu wa Dagoretti Corner wakatuuliza kama tunapuliza dawa ya mbu. Ikazima. Rhoda akasema tupande basi. Nikasema hapana, ina njaa tu, nikaongeza mengine kutoka kwa jerikeni (hapa ndipo ile karatasi iliporudishwa vibaya), nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, ikawaka kwa hasira. Mutua akatupita, akapunguza mwendo, akauliza kama tuko sawa, na mimi nikamwambia tuko sawa sana.

Tuliingia Makina tukikohoa. Wanawake walikuwa wanapiga ngoma mbele ya hema, na ngoma ikanyamaza tulipotokea na wingu letu. Pikipiki ikazima yenyewe pale pale mbele yao. Shangazi akaja anatabasamu, ameshika chetezo cha udi, kwa sababu desturi yao gauni hufukizwa kabla halijavaliwa. Rhoda akafungua shuka. Upande wote wa chini ulikuwa umelowa, jerikeni ilikuwa imetiririka safari nzima, na shangazi akanusa, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili na chetezo chake.

"Toeni huu moto hapa," akawaambia wenzake. "Hili gauni litatuchoma sote."

Hapo ndipo walipoanza kuziba pua. Rhoda hakulia wala hakupaza sauti. Aliniangalia, akasema polepole, "Odhis, ungeniuliza kama nampenda Mutua, ningekujibu."

Na Mutua naye akatokea, maana alikuwa amezunguka kurudi kuangalia kama tumefika, na hakucheka, na hilo ndilo liliniuma kuliko kicheko chote cha akina mama. Rhoda akasema kibandani ana kitambaa cha kutosha kubadilisha sketi ya chini, na ndoa ni baada ya alasiri. Nilimshikia gauni akipanda nyuma ya Mutua, halafu nikampa mkononi.

Waliwahi. Niliambiwa lilipendeza. Mimi nilisukuma pikipiki mpaka Silanga, na Jumatatu Njoroge alipoifungua akaniambia ndege ndogo ndiyo hunywa petroli, lakini mafuta ya ndege kubwa ni ndugu ya mafuta taa, na octane yake iko chini hata ya regula niliyokuwa naionea haya.

Tangu siku hiyo naweka kile engine inachotaka, na kama moyo una swali nauliza kwa mdomo, sipitii kwa tangi. Lakini nilijifunza nikiwa nimechelewa. Mutua na Rhoda walioana, na watu wakaniuliza kama nilikuwa nimeshuku tangu zamani. Nilikuwa nimeshuku, ndiyo. Ila mpaka asubuhi ile Rhoda hakuwa amepanda pikipiki ya Mutua hata mara moja, na aliyempandisha ni mimi.