Nilimwachia "expert" wa Murara sarafu ya koko

Wakuu, salaam toka Goma. Siongezi chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Koko wangu, mama yake baba, ana sarafu ya enzi za Wabelgiji: pembe sita, tembo katikati. Alipewa na marehemu mumewe. Vita ilipowatoa Rutshuru aliishona kwenye pindo la kitenge, akakaa nayo kambini. Ndicho kitu pekee cha nyumbani kilichobaki.

Mimi nina licence ya chuo kikuu, kazi sina, kwa hiyo nafikiri sana.

Niliona mstari mwembamba kwenye sikio la tembo. Baada ya video arobaini nikaamua muhuri wa kiwandani uliopiga sarafu ulikuwa na ufa. Erreur ya frappe, yaani kosa la kupiga sarafu, wazungu wanazitafuta. Nikaandika ripoti ya kurasa sita. Ndiyo, sita.

Mtaani Murara kuna fundi saa anayejiita expert. Akabana lenzi jichoni, akahema kama daktari mwenye habari mbaya, akasema ni erreur kweli, nimwachie siku tatu aichunguze.

Nikamwachia. Koko sikumuuliza.

Siku ya tatu akanipa sarafu yenye sikio safi. Eti mstari ulikuwa uchafu, ameuosha. Na mimi msomi nikaanza kuwaza aina za sabuni.

Nyumbani nikampa koko, ambaye macho yamechoka, akapitisha ukucha kwenye sikio.

"Hii haiko yangu. Ule mustari niliuchora na musumari kule kambini, sababu ba koko wengi walikuwa na ya namna hii. Twende."

Kwa fundi hakugombana. Akagusa kisanduku chake cha sarafu kuukuu. "Papa, mwaga iyo boîte yako hapa ku meza."

Akapapasa tembo mmoja mmoja, kisha akainua mmoja. "Uyu."

Expert akasema labda zilichanganyika.

"Musumari ningali nao, muzee," koko akamwambia. "Ukitaka, nitakuchorea zote."

Jizi lililoiba mkwaruzo, na msomi aliyeuandikia ripoti.

Wakuu, muhuri ukiwa na ufa, metali ya sarafu huingia humo, kwa hiyo mstari huinuka juu ya sarafu. Mkwaruzo huchimba. Ukucha ungenitosha.

Sarafu imerudi kwenye pindo. Sindano koko alimwomba jirani amtungie uzi, na mimi nimekaa pale pale.

Wenye erreur zenu, wekeni hapa tuzicheke pamoja. Picha tu. Sarafu ibaki kwa mwenyewe.