Kaka Yangu Senta, Mtoto wa Kisimani

Juzi nilipita Galbet, kwenye uwanja wa shule yetu ya zamani, nikakuta nguzo ya kikapu imeng'olewa. Nikasimama pale kama mjinga. Rafiki yangu, wewe unamwona kaka yangu kwenye simu, senta wa kulipwa wa mpira wa kikapu huko ng'ambo, wachezaji wawili wamemng'ang'ania na bado anafunga. Hukumwona siku ile.

Alikuja shuleni akitoka kuchunga ngamia wa abti, mjomba wetu, kule Banissa. Kwa urefu wake walimweka chini kabisa kisimani. Unapokea ndoo tupu, unaichovya, unairusha juu kwa mwenzako hapo hapo. Haikai mkononi, maana ngamia wana kiu. Basi mazoea hayo akaja nayo uwanjani: mpira ukimfikia tu, ameshaurusha!

"Warya, we kijana, shika mpira!" mwalimu alikuwa akifoka. "Hapa hakuna ngamia!" Sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Siku ile hatukucheka. Kocha wa klabu alikuja kutoka Nairobi kumtazama, na abti naye alikuja kumchukua. Abti alishaelewana na mama: kocha asipomtaka, jioni kaka anapanda lori arudi malishoni. Ayeeyo, bibi yetu, alinipa birika la chai ya maziwa ya ngamia nimpelekee mgeni wa Nairobi.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda unakwisha. Kaka amekosakosa mchana kutwa, midomo imemkauka. Mwenzake akarusha, mpira ukagonga chuma, ukaruka juu.

"Shika! Shika kwanza!" mwalimu akapiga kelele.

Kaka hakushika. Aliruka na mikono yote miwili, akausukuma juu vilevile ulivyomfikia. Ukazunguka kwenye chuma, wallahi nilisahau kupumua, ukazunguka tena, ukaingia. Filimbi ikalia.

Kocha alikuwa ameshasimama. "Huyu naondoka naye."

Abti hakubisha. Alinijia, akasema polepole, "Mwambie ale vizuri." Kisha akaenda kupanda lori peke yake.

Mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka, bila kujua ninachokishangilia ni kuondoka kwake. Tuko salama, alhamdulillahi, na bado naota kwamba siku moja nitakaa uwanjani kwao nimwite kwa jina la nyumbani. Lakini tangu siku ile, mlangoni petu hakuna tena mtu mrefu wa kuinama akiingia.