Disk ya virtual ilivyogoma Bungoma, na sauti ya marehemu ikiwa ndani

Wakuu, salamu kwenu nyote huko mliko. Nimeona vijana hapa jukwaani wanauliza mambo ya snapshot na wanajibiwa na English nzito, mpaka mtu anatoka akiwa amechanganyikiwa zaidi. Acha niwape yangu. Ilinipata mimi mwenyewe na nitaisema vile ilikuwa, hata pale niliogopa.

Kwanza mjue mnasoma nani. Shule niliacha darasa la nne. Nilikuwa fundi wa redio Kitale, kibanda kando ya soko. Nikatengeneza redio mpaka watu wakaacha kuleta redio, wakaanza kuleta kompyuta. Ningefanya nini? Nikafungua kompyuta. Mke wangu akasema stima itaniua. Bado niko hapa, yeye ndiye ananiletea chai nikiandika.

Basi, mwaka wa 2009 hivi nikawa naitwa hadi kwa server, zile kompyuta kubwa za kuhudumia ofisi nzima.

Kulikuwa na redio moja ndogo ya kijamii Bungoma, jina naliacha. Fundi wao alikuwa Simiyu, bakoki wangu, yaani tulitahiriwa mwaka mmoja. Watu wa huko mnajua, bakoki anakutukana mbele ya watoto wako na huwezi kukasirika.

Walikuwa na server moja, na ndani yake server zingine za virtual. Kwa asiyejua: chuma ni kimoja, lakini ndani kinajifanya mashine nyingi. Disk ya kila moja si chuma, ni faili kubwa tu. Faili ikiharibika, disk imeenda.

Moja ya hizo virtual ndiyo ilikuwa inaweka recordings zote za redio.

Sasa, aliyewafungia hiyo mitambo alipiga snapshot kabla ya upgrade, yaani kushika disk vile ilivyo ili mambo yakiharibika arudi nyuma, halafu akaenda zake bila kuiondoa. Snapshot ikikaa, faili ya kwanza inafungwa, haiandikwi tena. Kila kitu kipya kinaingia kwa faili ya pili. Ya kwanza wanaita parent, ya pili child. Huyo mtoto peke yake hana maana, anasomeka tu akiwa amesimama juu ya mzazi.

Na mtoto alikuwa anakula tu. Miezi na miezi. Akanenepa mpaka akajaza nafasi yote, mashine ikaganda.

Hapo nitaje Mama Nasimiyu. Huyu alikuwa mtangazaji wa kipindi cha wazee. Alikuwa amemrekodi mzee mmoja wa Kimilili, Mzee Wekesa, nyumbani kwake, akisimulia maisha. Baadaye mzee akafariki. Familia ikaomba siku ya makumbusho sauti yake ichezwe, na Mama Nasimiyu akaahidi. Kadi ya kile kirekodi chake alishafuta zamani ili arekodi wengine. Kwa hivyo hiyo sauti ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya mtoto.

Makumbusho ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo mashine iliganda.

Simiyu akanipigia simu, nikafika nimebeba disk kubwa ya nje kwa begi. Nikamkuta Simiyu mlangoni, uso umekunjamana.

"Umekuja, mzee wa kuunguza redio?"

"Nimekuja kuona umeunguza nini."

Akaniambia alichofanya. Mashine ilipoganda alichukua ile faili ya parent, akaifunga peke yake kwa mashine nyingine, akaiwasha. Ikawaka! Akashangilia. Kuangalia ndani, recordings ni za kale tu, za Mzee Wekesa hakuna. Akairudisha mahali pake, akawasha tena ile ya kwanza, na sasa ikaandika kwamba parent imebadilishwa tangu child itengenezwe. Ikakataa kabisa.

"Mbona ulianza na parent bana?" nikamuuliza.

"Wewe ukiingia boma la mtu unasalimia nani kwanza? Si mzee? Ama unaanza kubishana na mtoto?"

Wakuu, nilicheka. Heshima ya kwetu ndiyo ilivunja mnyororo wa mzazi na mtoto.

Simiyu alikuwa ameshaweka mkono kwa mouse, anataka kubonyeza pale pa kufuta snapshot ili ziungane.

Nikamwambia, "Ukibonyeza hapo leo tutamzika Mzee Wekesa mara ya pili."

Akatoa mkono. Kuunganisha hizo faili zikiwa hazipatani, na nafasi imejaa, kungeweza kumwangamiza mtoto.

Sikugusa kitu kingine. Nilianza kucopy faili zote, parent na child na zile ndogo ndogo, kwa disk yangu. Ilichukua muda mrefu kweli. Tukanywa chai, Simiyu akawaambia watu wa studio vile nililia siku ya jando, uongo mtupu, sikulia mimi. Mama Nasimiyu hakucheka. Alikaa tu anaangalia ule mstari wa copy ukitembea kwa screen.

Copy ikaisha. Sasa, kila disk ya virtual ina faili ndogo ya maandishi, unaifungua kama barua ya kawaida. Ya parent imeandikwa namba yake, CID. Ya child imeandikwa parentCID, yaani namba ya mzazi anayemjua. Simiyu alipowasha parent peke yake, namba ya parent ilibadilika. Mtoto bado anaita ile ya zamani.

Nikamwonyesha Mama Nasimiyu, namba mbili hazifanani.

Akasema polepole, "Kumbe analilia jina."

Wasio wa kwetu niwaeleze. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee wanamtajia majina ya waliotangulia, moja moja. Likitajwa lake, ananyamaza.

Nikaandika namba mpya ya mzazi kwa faili ya mtoto. Kwa copy, si kwa original! Nikasave. Nikawasha ile virtual kutoka kwa disk yangu, ambayo ilikuwa na nafasi.

Ikafikiria. Ikasema inataka kukagua disk, nikaiacha ikague. Faili kadhaa zilikuwa zimechubuka kwa sababu kule kuwasha parent peke yake kuliandika juu yake bila Simiyu kujua. Nilitoka jasho, nawaambia ukweli.

Halafu ikafunguka.

Mama Nasimiyu akatafuta, akabonyeza. Kikohozi. Halafu sauti nzito ya mzee: "Sasa niongee?"

"Ongea, baba!" Simiyu akapiga kelele, akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Tulitoa recordings zote, tukaziweka mahali pawili, ndipo tukaunganisha snapshot kwa amani.

Jumamosi nilienda Kimilili. Sauti ikatoka kwa spika kubwa. Katikati ya hadithi mzee anasikika akigeuka kuita mkewe: "Mama, hiyo chai iko wapi?"

Na mjane wake, pale kwa kiti cha mbele, akajibu kabla hajafikiri: "Naleta!"

Watu wakacheka, wakalia, yeye mwenyewe akacheka kuliko wote.

Nilichojifunza ni hiki: copy kwanza, mkono baadaye. Snapshot si backup, usiiache ikikaa. Na parent mwenye child usimwashe peke yake hata kama una heshima namna gani.

Wenye mmewahi kukutana na hiyo error, mlitokaje? Na kama kuna pahali nimekosea, nirekebisheni, lakini kwa Kiswahili tafadhali.