Paa la Mama Mkwe Lililoingia Ndani

Habari hii sipendi kuisimulia mke wangu akiwa karibu, kwa sababu yeye huanza kucheka kabla sijafika popote na mimi nabaki nimekaa tu kama mgeni, lakini ukweli ni kwamba niliwahi kukwama kiunoni ndani ya paa nililolitengeneza mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Babati, mtaa wa Maisaka anakoishi mama mkwe, naye akiniangalia.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu bado mpya na Babati nzima inajenga. Karakana yangu iko mtaa wa Nangara, nachonga vitanda (na kabati, mtu akinibembeleza sana). Mama mkwe alikuwa anajenga mgahawa mdogo wa mbao, chumba kimoja tu, kuta zimeshasimama na mlango umeshawekwa, limebaki paa, na alitaka paa la pande nne, lile linaloteremka kila upande kama la nyumba za maofisa. Kwaya ya kanisani kwake ilikuwa inakuja Jumapili kumfungulia biashara, na mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya. Akaniuliza, "Baba Neema, paa la namna hii umewahi kulipiga?"

"Mengi tu, mama," nikasema.

Sikuwahi kupiga hata moja. Lakini huyu mama hakufurahi sana binti yake kuolewa na mimi, alinyamaza tu kwa heshima, na miaka yote nilitamani siku moja anione mtu wa maana.

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu Neema nikachora, na mpaka leo nasema mchoro ule haukuwa mbaya. Fremu ya mbao chini, mbao nne za kona zinapanda kutoka kila pembe kwenda kukutana na mbao ya juu katikati, halafu zile fupi fupi zinajaza nafasi. (Hizo za kona ni ndefu kuliko unavyodhani, niliharibu mbili kabla sijaelewa.) Kosa halikuwa kwenye mchoro. Kosa ni kwamba fundi vitanda akiingia chumbani kwa mteja anapima ukuta hadi ukuta kwa ndani, kisha anapunguza kidogo, kitanda kipate kuingia, na mimi nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na moja, mkono ukaenda wenyewe. Nikapima mgahawa kwa ndani. Nikapunguza nusu inchi kila upande. Paa lipate kuingia!

Nikaliunga lote chini, uani kwake, mbao tupu bila bati, nikaacha tu vile vipande vinavyotokeza nje kumwaga maji, nikisema nitavigongea likishakaa juu. Jumamosi saa nne nikaita majirani wanane, wakapanda juu ya mabenchi na ngazi wakalinyanyua, na mimi nikaingia ndani nikafunga mlango ili watoto wasinifuate, nikasimama juu ya stuli nielekeze pembe.

"Leteni kwangu! Hapo hapo! Shusheni!"

Wakashusha. Nami nikafurahi, wallahi nikafurahi, kwa sababu pembe zote nne zilikaa sawasawa, hakuna hata moja iliyogoma, halafu nikaona paa linaendelea kuja. Lilishuka katikati ya kuta kama droo. Niliruka kutoka kwenye stuli nikalala chini, nalo likaja kugota kwenye mbao iliyopita juu ya dirisha, usawa wa kichwa changu nikisimama, likang'ang'ania hapo. Kisha mmoja akauliza kule nje, "Sasa limeenda wapi?"

Mlango unafungukia ndani, kwa hiyo fremu ilikuwa imeuzuia. Dirisha tulikuwa tumelipigilia mbao. Ningeweza kutulia nisubiri, lakini nikaona nitoke kwa juu kama mwanaume, nikapenya kati ya mbao mbili, mikono ikapita, kifua kikapita, tumbo likakataa, na suruali ikashikwa na msumari kwa nyuma. Huku chini miguu inaning'inia, huku juu nimechomoza kuanzia kiunoni, na ukuta ulikuwa mfupi wa kutosha watu wote barabarani wanione. Wakaja hata watu wa mtaa wa Bagara. Mama mkwe akasimama nje ya ukuta, chini yangu, ameshika sinia la chai ya mafundi, na sikujua pa kuweka macho.

"Shikamoo mama," nikasema. (Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.)

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana, mama."

Akaitwa Fundi Shabani, fundi wa mapaa kweli kweli. Akaja na msumeno, akazunguka jengo zima, akanitazama, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kila mmoja asikie, "Nani huyu amepima paa kwa ndani?"

Mama mkwe akajibu kabla sijafungua mdomo. "Ni mimi. Nilimwambia apime ndani, na yeye ni mkwe wangu, angenibishiaje?"

Watu wakacheka, ila sasa walimcheka yeye. Mama wa watu, mzee wa kanisa, anachekwa uani kwake kwa uongo wangu mimi, na mimi nimening'inia pale nasikia kila neno, na sikusema kitu. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa mzima.

Shabani alilikata paa likatoka vipandevipande. Kwaya ilikula chini ya turubai, mvua ikawanyeshea wali. Wiki iliyofuata Shabani alipiga paa jipya na mimi nikamshikia futi, nikapima kwa nje.

Nikiulizwa siku hizi kama nimewahi kufanya kazi fulani, kama sijawahi nasema sijawahi, hata mbele ya mteja. Kukwama nilishakusamehe. Ila mama yule ameshazeeka, kila nikienda kumsalimia najiambia leo nitamwomba radhi kwa siku ile, kisha ananikaribisha chai, nakunywa, narudi Nangara sijasema.