Mlima Kwaraa Hauko Hapo Tu

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa mlima wala ziwa. Nilionyeshwa ubao. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, ofisi za Babati bado zinanuka rangi, na Wazungu walikuwa wameanza kulala mjini badala ya kupita tu. Meneja wa nyumba ya wageni alitaka waongoza watalii. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto mgongoni.

Alituandikia Kiingereza cha kukariri: "turn left," pinda kushoto, "steep," mwinuko mkali, "downhill," kuteremka. Sentensi moja aliikazia kuliko zote: "It is very near." Ni karibu sana. Mgeni akiuliza umbali wowote, jibu ni hilo.

Sikuona ubaya. Kwetu mtu akiuliza njia ya kijiji cha Sigino unamwambia hapo tu, mbele kidogo, hata kama atafika jua likizama. Ni adabu, humvunji msafiri moyo. Lakini Mzungu ukimwambia karibu, anaacha maji chumbani.

Ndivyo alivyofanya mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, tulipopanda mlima Kwaraa. Kila akiuliza kama tumekaribia, nilijibu nilivyofundishwa. Juu msituni miguu ikamgomea, midomo imekauka. Tulimshusha tumemshika kwapani mpaka barabarani.

Meneja alinisubiri mlangoni. Akasema mbele ya wapishi kwamba hayo ndiyo matunda ya kuajiri wanaonyonyesha. "Mama Neema, nenda nyumbani ukalee. Kazi hii ina wenyewe."

Kazi nyingine sikuwa nayo, na baba Neema alishaondoka zamani. Sikulia.

"Shikamoo nakupa kila asubuhi, bosi, na kesho nitakupa," nikamwambia. "Lakini sentensi ni yako. Nifukuze mimi, ibaki hiyo ubaoni, halafu mgeni mwingine utamshusha wewe. Mgongoni."

Mpishi mmoja akainamia sufuria asionekane anacheka. Mimi nikachukua kitambaa, nikaifuta sentensi ile ubaoni, nikaandika: "It is far. It is steep. Carry water." Ni mbali, mwinuko ni mkali, beba maji. Meneja akasema wageni watakimbilia Arusha, na wakikimbia niwafuate.

Asubuhi nikawaambia wageni barazani yote matatu. Mmoja akarudi kulala. Wengine wakajaza chupa, na jioni wakarudi kwa miguu yao, wakaomba niwapeleke na ziwani kuona viboko. Meneja hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Mtumbwi umeshautafuta?" Nikajua kazi ninayo.

Niliifanya mpaka mimba ya pili iliponizuia kupanda. Yule bwana bado ananikera, na sina haraka ya kumsamehe. Nyinyi mnaoanza kuongoza wageni, maneno mtayakariri, hayana ugumu. Kabla ya kumjibu mgeni, kwanza mtazame viatu na chupa yake.

Sasa nafundisha wasichana sebuleni kwangu hapa Nakwa. Wawili wameshaajiriwa, na mmoja wao ananyonyesha. Jumamosi anapanda Kwaraa na wageni. Mtoto atashinda kwangu.